Mswaki wa Watasema

Mwaka ule wa 1959 nilikosa mambo mengi. Sikuwa na mikarafuu, isipokuwa mitatu aliyoniachia marehemu mama, na mmoja katika hiyo ulikuwa umekauka. Sikuwa na ng'ombe. Sikuwa na mtoto wa kunisaidia shambani, kwa kuwa binti yetu Siti alikuwa ameolewa Wete. Sikuwa na cheti cha skuli, maana herufi za kizungu nilianza kuzisoma nikiwa na miaka hamsini na mbili, katika darasa la watu wazima, baada ya sala ya magharibi. Sikuwa na meno ya mbele ya juu. Na mbwa pia sikuwa naye, kwani yule aliyekuwa akilala kwangu alikuwa wa kuazima.

Mbwa huyo aliitwa Watasema. Jina alipewa na mwenyewe, shemeji yangu Himid, kaka mkubwa wa mke wangu Mwanapili. Himid alikaa Kiuyu. Alikuwa msasi wa nguruwe, na papo hapo mtu wa safu ya mbele msikitini. Majirani zake walipomuuliza vipi mtu kama yeye anafuga mbwa, aliwajibu kwamba dini imeruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda shamba, na wasioridhika, basi, watasema. Mbwa akabaki na jina hilo.

Aliniletea kwetu Kengeja, kusini mwa Pemba, juu ya lori la abiria, baada ya nguruwe kunimalizia muhogo miaka miwili mfululizo.

"Nakuazima, Pandu, sikupi," aliniambia. "Siku asipokuwa na kazi, namchukua. Mie sifugi pambo."

Nilijua maana ya kuchukuliwa. Mbwa asiyeweza tena kuuma, Himid alimtia katika ngarawa, akampeleka kwenye kisiwa kisichokaliwa na watu, akamwacha. Hakufanya hivyo kwa ukatili. Wasasi wenziwe walitumia rungu, naye aliona kisiwa ni huruma zaidi.

Watasema alikuwa mwekundu kama udongo wa bondeni, mwembamba, sikio moja limechanika. Mwanapili alipanga makumbi ya nazi uani, akamwambia, kama anavyoambiwa mtu, kwamba asivuke hapo. Hakuvuka. Alilala upande wake wa makumbi, akaweka pua tu juu ya kumbi moja, ikawa nusu huku na nusu kule.

"Anatafuta kisa na mimi huyu," Mwanapili alikuwa akisema. Na ukoko wa wali alimtupia yeye kabla ya kuku.

Mwaka wa tatu, mwanzoni mwa kipupwe, nguruwe walirudi. Watasema aliwabwekea kwa mbali. Asubuhi moja nilimwona kwa macho yangu amemshika nguruwe mguu wa nyuma, mara akamwachia, akalia. Akawa anakula kwa kuinamisha kichwa upande mmoja, na chakula kinamdondoka. Halafu ikaja harufu. Nilimfungua kinywa, nikaona magego yamefunikwa na ukoga mzito wa rangi ya kutu, na ufizi umevimba, mwekundu, unatoka damu.

Wiki hiyo hiyo Mmanga, dereva wa lori, alisimama mbele ya nyumba yetu.

"Shemeji yako anakusalimu. Anakuja mwezi ujao kutazama mbwa wake na dada yake."

"Kamtaja nani mwanzo?" Mwanapili akauliza kutoka ndani.

"Mbwa," Mmanga akasema. "Kasikia kwamba haumi tena."

"Kasikia kwa nani?"

Mmanga aliutazama usukani wake. Huyo alikuwa mtu ambaye ukimpa neno Kengeja, likifika Chake limeshavaa kanzu na kofia.

Nilikaa na mwezi mmoja mkononi. Bahati yangu, siku ya nne bwana mifugo alikuja kuchanja ng'ombe. Alikuwa kijana wa Unguja, ilijulikana mara tu alipofungua mdomo. Nilingoja mpaka ng'ombe wa mwisho, nikamwomba amwangalie mbwa. Tulimfunga Watasema mdomo kwa kitambaa, na bwana mifugo akamfunua midomo pembeni.

"Mzee Pandu, wewe unapiga mswaki?"

"Kabla ya kila sala."

"Na huyu?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anacheka. Alisema ukoga ule ndio ugonjwa wenyewe: unaanza laini, unakuwa mgumu kama jiwe, unausukuma ufizi, kisha jino linaoza kwenye mzizi. Akampiga sindano ya usingizi, akaukwangua ukoga kwa chuma chembamba, akang'oa gego moja lililokuwa bovu kabisa. Mbwa mzima ana meno arubaini na mawili, alinieleza. Watasema akabaki na arubaini na moja. Mimi, mwenye ishirini na mawili, nilimzidi akili, yeye akanizidi meno kumi na tisa.

"Ufizi utapona," alisema. "Lakini usipomsafisha kila siku, mwakani nitang'oa mengine. Maji safi tu, usitie sabuni wala chumvi. Usimpe mifupa iliyopikwa, inavunja meno. Mpe kipande cha ngozi kavu ya ng'ombe atafune."

"Nimsafishe kwa nini? Sina brashi."

"Nyote hapa hamna brashi, na meno yenu meupe kuliko ya Unguja. Tumia mswaki."

Nilikata kijiti katika mti ule ule ninaokata miswaki yangu. Nilikiponda ncha kwa jiwe, maana singeweza kukitafuna halafu nikampa mbwa, wala kumpa mbwa halafu nikasahau. Siku tatu za mwanzo sikumtia kijiti. Nilimshika midomo tu, nikamwacha. Siku ya nne nikamsugua meno ya mbele. Siku ya saba nikafika kwenye chonge, na ya kumi kwenye magego, kwa upande wa nje, kwenye mashavu, ambako ukoga hupenda kukaa. Nilisugua kwa duara ndogo ndogo kutoka kwenye ufizi kuja chini. Mwanzo alinikodolea macho kama mtu aliyeibiwa. Baadaye akawa ananingoja. Akiniona natokea nyuma ya jiko na kile kijiti, anakaa kitako, anafumba macho, ananyanyua mdomo mwenyewe.

Kazi haikuwa mbwa. Kazi ilikuwa mkono wangu. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na anayeyagusa ataosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Kisima kilikuwa mbali na maji yalikuwa ya kuteka. Kila asubuhi, jua likishatoka, Mwanapili alinitengea kata yangu ya maji na udongo safi katika kifuu, akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Hiyo ya tano."

"Ya sita, Mama Siti."

"Ya tano. Ile ya udongo uliihesabu mara mbili."

"Mimi ndiye ninayesoma hesabu darasani."

"Na mimi ndiye ninayeteka maji. Ya tano."

Mkono niliuosha hivyo. Kile kijiti nilikisuuza tu nikakirudisha nyuma ya jiko, kwa kuwa kilikuwa cha mbwa na mwenyewe hasali.

Habari ilienea. Jirani yangu Jecha alikuwa akipita njia ya nyuma kwa makusudi.

"Mzee Pandu, bwana harusi anaoa lini?"

"Mwezi wa mfungo sita. Wewe utabeba mkeka."

"Na wanja utampaka?"

"Wanja nimekuwekea wewe, yakhe, labda utapendeza."

Lakini harufu ilikwisha. Ufizi ukawa wa rangi ya waridi. Wiki ya nne Watasema alimkamata nguruwe dume kando ya muhogo wa Jecha, wala haukuwa wangu, na hakumwachia mpaka wenye mikuki walipofika. Tangu siku hiyo Jecha alipita njia ya mbele.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Siku moja kabla ya Himid kuja, Mwanapili alinikalisha.

"Kaka usimwambie hii habari ya mswaki. Unamjua kwa twahara na najisi. Akisikia unatia mkono kinywani mwa mbwa, hatakula chakula chetu, hata ukioga mara sabini."

Mwanapili alisema nisiseme. Hakusema nifiche. La kuficha nililiongeza mwenyewe. Nikafikiri: Himid atazunguka nyuma ya jiko, ataona kijiti kimechomekwa makutini, ataniuliza. Basi nikakitoa kule, nikakileta mbele ya nyumba, nikakichomeka katika makuti ya upenu, juu ya mtungi wa maji, mahali ambapo mswaki ni mswaki tu na hakuna anayeuliza. Nikajiona mwerevu.

Himid alifika na lori la alasiri. Alimsalimia dada yake, akanishika mkono, akaenda moja kwa moja kwenye makumbi. Watasema alimjua. Alijizungusha, akalia kwa furaha, na alipoona kijiti kinamkaribia mdomo, akakaa kitako na kufumba macho kama kawaida yake.

Himid alimfunua mdomo kwa kijiti kirefu. Alitazama upande huu, akatazama upande ule. Akamtazama Mwanapili, akanitazama mimi.

"Huyu ni yule yule?"

"Tazama sikio," nikasema.

"Sikio naliona. Ana miaka minane. Mbwa wa miaka minane nilionao mimi wananuka kama dagaa waliosahauliwa. Mnampa nini?"

"Ngozi kavu," nikasema. Haukuwa uongo.

"Na ukoko," Mwanapili akasema.

Himid alikaa kwenye kibao. Alisema alikuja na kamba, na alikuwa ameshazungumza na mwenye ngarawa. Akaitoa kamba mfukoni, akamrushia Mwanapili.

"Fungia mbuzi. Mbwa abaki. Mwakani nitamtazama tena."

Tulikula wali wa nazi na pweza. Mwanapili alicheka usiku ule kuliko nilivyomsikia mwaka mzima.

Alfajiri tulikwenda msikitini pamoja. Himid alisali safu ya mbele, nami nyuma yake. Baada ya sala tulikwenda moja kwa moja barabarani kulingoja lori. Mmanga alipokuja, Himid alipanda, akaketi, akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji, miswaki yenu ya huku laini sana. Wa kwangu niliusahau nyumbani, nimechukua mmoja pale juu ya mtungi. Niuchukue kabisa?"

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa na furaha, na lori lilikuwa likinguruma.

"Chukua," nikasema. "Chukua, shemeji. Wetu wako."

Akaugusa mfuko wa kanzu kifuani, akanipungia mkono.

Nilielewa nilipofika nyumbani, jua lilipotoka, nikanyoosha mkono kwenye makuti juu ya mtungi. Watasema alikuwa ameshakaa kitako, macho ameyafumba.

Nilimwita Mwanapili. Nilipomweleza, alijiziba mdomo kwa kanga. Mabega yakamtikisika, nikajua anacheka. Halafu yakaacha kutikisika, na alipoitoa kanga usoni macho yake yalikuwa na maji.

"Kasali nao," alisema. "Kaka yangu kasali alfajiri na mate ya mbwa kinywani. Na kaenda nao Kiuyu."

"Hajui."

"Sisi tunajua."

Siku mbili tulikaa hivyo. Wakati huo Himid alikuwa Kiuyu anapiga mswaki kabla ya kila sala, kama nilivyofanya mimi. Nilikuwa nikisikia adhana, nahesabu. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, nilimfuata Shehe Othman, imamu wetu, alipokuwa akikunja mkeka wake.

"Shehe, nina suala. Mtu akitumia mswaki uliotumika kwa mbwa, naye hajui, hukumu yake ni nini?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mbwa gani?"

"Mbwa tu, Shehe."

"Mbwa wa Kengeja anayepigwa mswaki namjua mmoja," Shehe akasema. Aliketi tena juu ya mkeka, akanionyesha nami niketi. "Asiyejua hana dhambi. Akijua, ataosha kinywa mara saba, moja kwa udongo, na sala alizosali atazilipa. Hilo ni lake. Wewe lako ni kumjulisha."

"Nikimjulisha, mbwa atakufa. Mbwa ni wake, na hasira zake nazijua."

Shehe Othman alinyoosha pindo la mkeka kwa kiganja. Alikuwa mtu mpole, na nilikuwa na hakika atanitafutia mlango.

"Hilo, Pandu, siwezi kukujibia kwa kitabu," alisema. "Mpaka leo ni sala ngapi?"

"Kumi na mbili, pamoja na hii."

"Basi unahesabu vizuri."

Nilirudi nyumbani. Watasema alikuja kunipokea njiani, akanitafuta mkono kwa pua. Nilikuwa nimeshamkatia kijiti kingine, na meno yake yalikuwa safi. Nilikaa naye upande wake wa makumbi. Nikafikiri kwamba ningeweza kunyamaza mpaka ule mswaki uchakae autupe. Wiki moja ingetosha. Himid asingejua mpaka kufa kwake, na Watasema angelala hapa mpaka kufa kwake. Nililifikiria hilo sana, sikatai. Lakini Himid aliniamini kwa vitu viwili, dada yake na mbwa wake, na nilipomwambia "chukua" alichukua bila kuuliza mara ya pili. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwacha asimame mbele ya Mungu wake katika hali ile, huku wewe umekaa uani na mbwa wake.

Kwenda Kiuyu ilikuwa magari mawili na mwendo wa miguu, na kusema kweli niliuogopa uso wake. Kumpa Mmanga neno la mdomo ndiyo kabisa haikuwezekana. Ilibaki barua.

Nilikuwa nimengoja miezi saba kuandika barua yangu ya kwanza kwa herufi za darasani. Nilikuwa na kalamu ya wino na karatasi yenye mistari. Niliandika "Kwa shemeji yangu mpenzi," nikaitazama, ilikuwa nzuri. Ndipo nilipokumbuka kwamba Himid hajui herufi hizo. Angempa mwenye duka amsomee, na watu wamejaa barazani, na Kiuyu nzima ingejua kilichokuwa kinywani mwake. Nikaichana. Nikachukua karatasi ya pili, nikaandika kutoka kulia, kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa katika chuo cha Kurani yeye na mimi tukiwa watoto, ili aisome peke yake. Mkono wangu katika herufi hizo ni mbaya. Niliandika hivi:

"Kwa shemeji yangu mpenzi Himid bin Khamis. Asalaam alaikum. Sisi wazima, na dada yako mzima. Mswaki uliouchukua juu ya mtungi si wangu. Ni wa Watasema. Nilikuwa nikimsafishia meno kila siku, na ndiyo sababu ulimwona vile. Niliuficha pale usiuone, na kwa kuficha kwangu ukaingia kinywani mwako. Utupe. Shehe wetu anasema osha kinywa mara saba, moja kwa udongo, na sala ulipe. Dhambi ni yangu, nisamehe.

"Mbwa ni wako. Ukitaka kuja kumchukua, njoo, sitamficha. Ila nakuomba, kabla hujamtia kamba, mfungue tena kinywa umtazame. Na kama utamchukua kwako na si kisiwani, basi msafishe magego kwa upande wa nje, polepole, kwa maji matupu. Hapendi kushikwa sikio lile lililochanika. Ukimwonyesha kijiti atanyanyua mdomo mwenyewe."

Nilimsomea Mwanapili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nisome tena pale pa sikio.

"Ongeza," alisema. "Andika kwamba mimi ndiye niliyekataza usimwambie."

"Kuficha nilificha mwenyewe."

"Na kukataza nilikataza mwenyewe. Andika. Ni kaka yangu kabla hajawa shemeji yako."

Nikaandika. Juu ya bahasha niliandika jina lake kwa herufi za darasani, kubwa, zilizonyooka, kwa ajili ya watu wa posta. Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu. Nilipotaka kuilamba Mwanapili alinishika mkono, akaingia jikoni, akarudi na punje za wali wa jana. Alizibonyeza mwenyewe kwa kidole, punje moja baada ya nyingine, mpaka bahasha ikafunga. Nikabandika stempu.

Lori lilikuwa limesimama barabarani, linapakia ndizi. Nilimpa Mmanga barua mkononi, nikamwambia aitie posta ya Chake leo hii, isilale.

Aliigeuza, akatazama wino, akaipima uzito kwa vidole.

"Kheri, Mzee Pandu?"

"Mwenyewe ataisoma."

Akaichomeka juu ya kioo cha mbele, akatia gea, lori likaondoka.